Honi ya sahani, ya konokono au ya upepo: ipi inafaa pikipiki yako kwenye barabara za Mbeya na Iringa?

Pikipiki nyingi zinazobeba watu na mizigo kuanzia Tunduma hadi Iringa, ziwe Boxer, TVS au Sanlg, hutoka dukani na honi moja ndogo ya sahani iliyofungwa sehemu ya mbele, jirani na taa. Honi hiyo inamtosha mama anayekatiza na beseni la ndizi pale Mwanjelwa. Dereva wa semi-trela anayeshuka Iwambi huku amefunga vioo kwa sababu ya baridi haisikii, na huyo ndiye mwenye uwezo wa kukumaliza.

Ndiyo maana kila kijiwe kina mtu aliyebadilisha honi, na wenzake wanaotaka kujua kanunua wapi. Ukiingia maduka ya spea, Mwanjelwa au kule Miyomboni Iringa, utaonyeshwa aina tatu: sahani kubwa zaidi ya ile uliyonayo, jozi ya konokono, yaani honi mbili zilizojikunja kama gamba la konokono, na honi ya upepo yenye kompresa yake. Muuzaji atakusukuma kwenye ile ya bei kubwa. Kwa bodaboda walio wengi hapo unatupa hela, na nitaeleza kwa nini. Lakini tuanze na honi ambayo tayari unayo.

Kabla hujafungua pochi

Honi ya kiwandani ikianza kukoroma, watu huihukumu kuwa imekufa. Mara nyingi haijafa. Imepigwa maji ya presha pale pa kuoshea, unyevu ukaingia, kutu ikaanza; au vichwa vya waya vimelegea; au waya wa bodi, ule wa hasi, umekaa juu ya rangi badala ya kugusa chuma. Chomoa vichwa vyote viwili, visugue kwa msasa mpaka ving'ae, kisha virudishe na kuvibana vizuri.

Nyuma ya honi nyingi za sahani kuna skrubu ndogo, pengine imefunikwa kwa tone la rangi au gundi. Izungushe kidogo kidogo, chini ya robo mzunguko kila mara, huku mwenzako anabonyeza swichi kwa vipindi vifupi. Upande mmoja sauti itafifia, upande wa pili itafunguka. Skrubu hiyo inarekebisha pointi za ndani, zile zinazokata na kuunganisha umeme mamia ya mara kwa sekunde ili sahani itetemeke. Zikikaa vibaya, honi inakula umeme bila kutoa mlio wa maana.

Kisha angalia kile kibati bapa kinachoishika. Honi ya sahani hufungwa kwenye kibati chenye kunesa ili itetemeke kwa uhuru. Fundi akiibana moja kwa moja kwenye fremu, au honi ikagusa plastiki ya taa, nusu ya sauti inapotelea hapo. Nimeona honi mpya za bei nzuri zikirudishwa dukani kwa kosa hili tu, na mwenye duka naye hajui, anabadilisha, mteja anaenda kuifunga vilevile.

Ukishafanya hayo, na betri yako ni nzima, sikiliza tena. Anayezunguka kati ya Soweto, Kabwe na Mafiati peke yake anaweza kukuta hana haja ya kununua chochote.

Namba iliyoandikwa kwenye boksi

Maboksi ya honi yanapenda desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti. Moja litaandika 110, lingine 118, lingine 139, na siku hizi yapo ya 150 na zaidi, kwa rangi nyekundu. Namba ya desibeli isiyotaja umbali haikuambii kitu. Mahali pa wazi, kila umbali unapozidi mara mbili, sauti hupungua desibeli 6 hivi. Hesabu hiyo kila mtu anaweza kuifanya kichwani, na inafichua mengi.

Chukua honi ya upepo iliyoandikwa 139, lakini kipimo kimechukuliwa sentimita 10 kutoka mdomoni mwake. Kwa sentimita 20 imebaki 133. Kwa 40 ni 127, kwa 80 ni 121, kwa mita 1.6 ni 115, na ukifika mita 2 una kama 113. Sasa weka pembeni jozi ya konokono iliyoandikwa 115, imepimwa kwa mita 2. Ukisoma maboksi, ya upepo inaongoza kwa 24. Ukiziweka barabarani, konokono wako mbele kwa 2. Kwa hiyo tafuta maandishi madogo yanayotaja umbali. Boksi likinyamaza kuhusu umbali, ichukulie namba yake kama tangazo la biashara tu.

Tuendelee na jozi hiyo ya 115 mpaka kwenye lori. Kwa mita 4 ni 109, mita 8 ni 103, mita 16 ni 97, mita 32 ni 91. Kibanda cha lori kilichofungwa vioo kinaweza kula desibeli 20 au zaidi. Kinachomfikia dereva ni 70 hivi, nacho kinakutana na mngurumo wa dizeli, feni, na redio. Atasikia, ila hatashtuka. Fanya hesabu hiyohiyo kwa honi ya kiwandani. Kanuni namba 28 ya Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya, ambayo nchi nyingi huitumia kupima honi za vyombo vya moto, inaruhusu pikipiki yenye nguvu isiyozidi kilowati 7 iwe na sauti ya desibeli 83 tu kwa umbali wa mita 7, mradi isivuke 112. Pikipiki ikiwa na honi ya kiwango hicho cha chini kabisa, kwa mita 28 imebaki 71 nje ya lori, na ndani yake ni kama 50. Hiyo ni sauti ya watu wawili wanaoongea taratibu. Dereva hajakudharau, hajakusikia.

Sasa weka mwendo. Ukiwa kilomita 60 kwa saa, mita 32 unazimaliza chini ya sekunde 2. Lori likiwa linakuja usoni kwako nalo liko 50, muda huo unashuka hadi sekunde moja hivi, na dereva aliye macho huhitaji sekunde nzima kabla mguu haujafika kwenye breki. Honi yoyote utakayonunua itakusaidia ukiwa nyuma ya lori au ubavuni mwake, kabla ya kulipita, na kwenye kona kabla hujaingia. Lori likikatiza mbele yako ghafla, kinachookoa ni breki na nafasi uliyoacha.

Jambo la mwisho la hesabu: kufunga honi mbili zinazofanana kunaongeza desibeli 3 tu, wakati sikio linahitaji ongezeko la 10 hivi ndipo lione sauti imekuwa mara mbili. Anayeongeza sahani ya pili ya mlio uleule ananunua kidogo sana.

Kwa nini basi konokono huuzwa wawili?

Kwa sababu milio yao ni tofauti. Mmoja ni mnene, mara nyingi karibu na hertz 400. Mwenzake ni mwembamba kidogo, karibu na 500. Zikilia pamoja, zinatoa mlio ambao sikio la mtu wa barabarani linautambua kama wa gari. Na hapa ndipo ninapoona faida kubwa kuliko desibeli zote. Mpita njia akisikia kamlio kembamba ka pikipiki anasema moyoni "ni boda tu, atanikwepa." Akisikia gari, anageuza shingo. Dereva wa Noah anayetaka kuingia barabarani bila kuangalia kioo, naye ni hivyohivyo.

Pia mlio mnene hupenya kioo na bati vizuri kuliko mwembamba. Njombe, Makambako na Mafinga watu huendesha vioo juu karibu mwaka mzima, na wapita njia wamevaa kofia za sufu zilizofunika masikio. Dar es Salaam honi nyembamba inaweza kukutosha kwa sababu vioo viko chini. Huku hapana.

Jedwali hili ni la haraka. Rilei ni swichi ya umeme inayobeba mzigo wa honi badala ya swichi ya mkono, nitaieleza mbele. Namba za umeme ni za kawaida kwa honi za volti 12. Ya kwako isome ubavuni.

| | Umeme inaokula | Rilei | Inapofaa zaidi | Kinachoiharibu |
|---|---|---|---|---|
| Sahani moja iliyo bora | ampea 3 hadi 4 | inasaidia | mjini | kufungwa bila kibati cha kunesa |
| Jozi ya konokono | ampea 8 hadi 10 | lazima | barabara kuu, milimani, kwenye ukungu | maji na vumbi mdomoni |
| Ya upepo yenye kompresa | ampea 15 hadi 20 | lazima, na fyuzi yake | pikipiki yenye stata na betri nzuri | betri ndogo, kulazwa upande |

Kwa bei, mpangilio ni huohuo: sahani iko chini, ya upepo iko juu, na kwa hizo mbili za mwisho ongeza gharama ya rilei, fyuzi, waya na fundi. Wengi husahau kuuliza hiyo, halafu hela ikipungua wanaambiwa "tuunge hivihivi tu." Hivihivi ndiyo inayounguza.

Betri yako inasema nini

Honi ya upepo ya ampea 20 kwa volti 12 ni wati 240. Taa ya mbele ya pikipiki nyingi hizi ni wati 35. Ukibonyeza honi hiyo, ni sawa na kuwasha taa saba kwa mpigo, na mfumo wa kuchaji wa pikipiki ndogo hauna uwezo wa kutoa umeme wa kiasi hicho. Kinachotoa ni betri.

Watu wanaogopa kwamba honi itamaliza betri. Hofu hiyo imekaa pasipo mahali pake. Ampea 20 kwa sekunde 2 ni sehemu ndogo mno ya chaji. Hata betri ya ampea-saa 5 haiwezi kuisikia. Tatizo ni kile kinachotokea wakati uleule wa kubonyeza: betri ndogo ikiombwa umeme mwingi kwa mara moja, volti zinaanguka. Kompresa inazunguka kinyonge, mlio unatoka umechelewa na umelegea, taa inafifia. Yaani umelipia honi kubwa ukapata sauti ya wastani, tena ikiwa imechelewa, na honi iliyochelewa haina kazi.

Namna rahisi ya kujua: je, pikipiki yako ina stata ya kubonyeza, na inawaka nayo asubuhi bila kusuasua? Stata hula umeme mwingi kuliko honi yoyote ya pikipiki, kwa hiyo betri inayoimudu itaimudu na honi ya upepo. Kama ni ya kupiga kiki tu, na betri yake ni kile kiboksi kidogo cha ampea-saa 2.5, achana na ya upepo. Hata jozi ya konokono ifikirie mara mbili. Pengine sahani moja nzito ya mlio mnene ndiyo mwisho wa uwezo wake.

Baridi inaongeza ugumu. Betri ya asidi hupungua nguvu joto likishuka, na Juni na Julai asubuhi za Makete, Njombe na nyanda za Kitulo zinafika kwenye sakitu. Honi uliyoijaribu mchana jua kali dukani inaweza kuwa kitu kingine kabisa saa kumi na mbili asubuhi unapopeleka maziwa.

Ya upepo ina masharti mengine pia. Kompresa inatakiwa isimame wima, au karibu na wima, na Boxer haina nafasi nyingi ya kitu kinachokaribia ukubwa wa ngumi mbili. Wengi wanaishia kuilaza chini ya tanki au kuifunga jirani na tairi la mbele, ambako inavuta matope. Halafu kuna ng'ombe. Anayepita Igurusi na Chimala anakutana na makundi ya mifugo ya bonde la Usangu yakivuka lami. Ng'ombe akipigwa na mlio wa ghafla wa karibu hakimbii kwenda pembeni, anakimbia kokote, ikiwemo kuja kwako. Pale kamlio kafupi ka honi ya kawaida na kupunguza mwendo ndiyo njia.

Sijasema honi ya upepo ni mbaya. Mwenye pikipiki kubwa ya safari, betri nzuri, anayekimbia Mbeya hadi Iringa kila wiki kati ya malori ya Zambia na Kongo, ataifurahia. Ila huyo si bodaboda wa kawaida.

Rilei: pesa ndogo inayobeba kazi yote

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu honi nzuri iliyoungwa vibaya hushindwa na honi mbaya iliyoungwa vizuri.

Waya wa honi unaotoka kiwandani ni mwembamba. Unapita kwenye swichi ya mkono, unazunguka kwenye usukani, unashuka hadi kwenye honi. Umetengenezwa kwa honi inayokula ampea mbili tatu. Ukiulazimisha kubeba kumi, mambo matatu yanaweza kutokea, na pengine yote kwa pamoja: swichi ya mkononi inaungua pointi zake na siku moja inagoma au inalia yenyewe bila kuachia; volti zinapotea njiani na honi inalia kinyonge; au fyuzi kuu inakatika. Hili la tatu ndilo baya kuliko yote, kwa sababu katika pikipiki nyingi fyuzi kuu ni moja tu, ya ampea 10 au 15, na kwa baadhi yake taa zinategemea hiyohiyo. Hebu fikiria umepiga honi kwenye kona ya Kitonga usiku, na palepale taa zote zinazimika.

Rilei inaondoa mzigo huo. Ile ya kawaida ya magari ina miguu minne yenye namba: 30, 85, 86 na 87. Nyaya mbili zilizokuwa zimechomekwa kwenye honi ya zamani zichomeke kwenye 85 na 86, upande wowote. Uzuri wa njia hii ni kwamba huna haja ya kujua kama swichi yako inakata chanya au inakata hasi. Pikipiki hutofautiana, na mafundi hupoteza saa nzima wakibishana. Nyaya zile mbili zilikuwa zinaliza honi, basi zitavuta rilei vilevile. Angalizo ni moja: rilei yenye alama ya dayodi ndani inataka chanya na hasi zikae mahali pake, kwa hiyo soma mchoro uliochapwa ubavuni.

Kutoka chanya ya betri, vuta waya mpya hadi mguu wa 30. Kutoka 87, waya uende kwenye chanya ya honi. Hasi ya honi irudi kwenye hasi ya betri au kwenye chuma cha fremu kilichosuguliwa. Fyuzi ikae kwenye ule waya wa chanya, karibu na betri kadiri inavyowezekana, isizidi kiganja. Ikikaa mbali, kipande chote cha waya kilicho kabla yake hakina ulinzi, na waya ukichubuka kwenye fremu utaungua na tanki liko juu yake. Kwa jozi ya konokono fyuzi ya 15 inafaa. Kwa ya upepo fuata kilichoandikwa kwenye honi, mara nyingi 20 au zaidi kidogo. Waya uwe wa shaba, milimita za mraba 1.5 kwa konokono na 2.5 kwa ya upepo. Kuna nyaya sokoni zenye ganda nene na nyuzi chache ndani. Kata ncha uone kabla ya kulipa.

Kabla fundi hajafunga plastiki, geuza usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho, uone kama kuna waya unaovutika au kubanwa. Kazi nyingi zinazokufa baada ya miezi michache zimefia hapo, hasa kwa anayekimbia barabara za vumbi. Maungio yafungwe mipira au tepu ya umeme, siyo mfuko wa plastiki uliochomwa kwa kiberiti. Na kama fundi ana mita, mwambie apime volti kwenye miguu ya honi yenyewe huku inalia. Ikiwa betri ina 12.5 na kwenye honi inafika 11 na kitu, hapo iko vizuri. Ikifika 10 au chini, kuna ungio linalokula umeme, na hupaswi kuondoka hapo.

Konokono wafungwe mdomo ukiangalia chini, au mbele na chini. Ukielekeza juu, mvua ya Rungwe itawajaza. Waliopita Nsalaga hadi Ifisi wakati wa ujenzi wa njia nne wanajua vumbi lake: konokono wapulizwe upepo mdomoni mara kwa mara, vumbi lisije likalowa likawa tope.

Unapita wapi?

Mjini Mbeya, Iringa au Njombe, tripu fupi, abiria mgongoni: sahani moja bora ya mlio mnene. Abiria naye ana masikio, na aliyeshtushwa na honi ya lori iliyo chini ya magoti yake hatapanda kwako tena. Bodaboda wa Iringa anayeshuka Ipogolo na kupanda tena mjini siku nzima anaweza kuongeza rilei hata kwa sahani hiyo. Sauti inafunguka kidogo na swichi inadumu.

Barabara kuu ya Tanzania na Zambia, iwe Uyole hadi Igawa kupitia Inyala, Mbalizi kwenda Tunduma, au Mafinga hadi Kitonga: jozi ya konokono, rilei, bila ubishi. Kwenye mteremko, dereva wa lori yuko gia ndogo, breki ya injini inanguruma, macho yako mbele. Unataka sauti ya gari imfikie ukiwa bado nyuma ya tela lake, kisha subiri akuonyeshe dalili kwamba amekusikia. Asipokuonyesha, rudi nyuma.

Barabara za ndani za Mufindi na Sao Hill, kati ya misonobari na mashamba ya chai, zina malori ya magogo na kona zisizoonyesha mbele. Hapo pia konokono, na upige kabla ya kona, mara moja, ndefu. Isongole na juu ya Tukuyu ukungu ukishuka, honi inasikika lakini mtu hajui inatokea upande gani. Taa na koti la kuakisi hufanya kazi kubwa kuliko honi ya aina yoyote, na hela ya honi ya upepo inatosha kununua koti na chenji ikabaki.

Trafiki, majirani na tajiri

Honi ni halali na ni lazima pikipiki iwe nayo. Ving'ora, milio inayopanda na kushuka kama ya ambulensi, ni vya polisi, zimamoto na wagonjwa. Ukikamatwa nacho usilalamike. Vile visanduku vya milio kumi na nane, mara ndege, mara mtoto analia, mimi naviweka kundi hilohilo la kutafuta shida. Usiku karibu na hospitali, ile ya rufaa ya Mbeya kwa mfano, tumia taa kuwashtua watu. NEMC, wasimamizi wa mazingira, nao wana kanuni za kelele za mwaka 2015, na jirani aliyechoka huwa anazijua.

Pikipiki ikiwa ya mkataba, muulize tajiri, yaani mwenye pikipiki, kabla ya kukata waya. Kwa njia ya rilei niliyoeleza hakuna waya wa kiwandani unaokatwa. Vichwa vinachomekwa tu, na siku ya kurudisha vinachomolewa.

Ukiwa dukani

Wauzaji wengi wana betri ya kujaribia kaunta. Honi yoyote ikilia ndani ya duka la bati, karibu na sikio, ni kubwa. Omba itolewe nje. Mwenzako ashike honi na betri, wewe tembea hatua arobaini, geuka umpe mgongo, umwambie apige konokono, kisha ya upepo, kisha sahani, bila kukuambia ni ipi. Ukiwa Uyole, Makambako au popote malori yanapolala, mwombe dereva mmoja ruhusa ukae kibandani vioo vikiwa juu na injini inawaka, halafu zipigwe tena kutoka nyuma ya tela. Wengi watakubali, na baadhi watakwambia wenyewe ni ipi waliyoisikia.

Honi ya zamani usimwachie fundi. Isafishe, ifunge kwenye mfuko mkavu, iweke chini ya siti pamoja na fyuzi moja ya akiba. Ile mpya ikigoma Igawa saa mbili usiku, unachomoa vichwa viwili kutoka 85 na 86, unavichomeka kwenye ile ya zamani, na safari inaendelea.